Kukata, Kupogoa na Kupanda Mti Dar es Salaam: Hatua za Kufuata Kabla Hujashika Panga

Jijini Dar es Salaam watu wengi huianza kazi ya kukata mti kutokea mwisho. Humwita fundi, hupatana naye bei, kamba hufungwa kwenye tawi kubwa, na shina likishalala uani ndipo mtendaji wa mtaa hupita na kuuliza kibali kiko wapi. Kufikia hapo hakuna la kusawazisha, kwa kuwa mwembe uliochukua miaka 40 kukua haurudishwi kwa barua ya kuomba radhi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenye nyumba, mpangaji, kamati ya msikiti au ya kanisa, na mkandarasi mdogo anayetaka kukata, kupogoa, kupanda au kulinda mti bila kuvunja sheria, na bila kuangamiza mti ambao haukuwa na kosa lolote.

Mambo yote haya yanasimama juu ya swali moja: mti huo umesimama kwenye ardhi ya nani? Jibu lake ndilo linaloamua uende ofisi gani, uombe karatasi gani, na kama una haki yoyote ya kuugusa.

Tafuta mpaka kabla ya kutafuta fundi

Chukua hati ya kiwanja, au leseni ya makazi ikiwa mtaa wenu haujapimwa, pamoja na ramani yake, kisha uyatafute mawe ya mpaka, yale ambayo wengi wetu tunayaita bikoni. Mara nyingi yamefukiwa na mchanga au yamefunikwa na majani, na huenda ukalazimika kuchimbua kwa jembe kidogo kidogo hadi uone kichwa cha zege chenye nondo katikati. Usiutegemee ukuta wa uzio, kwa sababu kuta nyingi mjini zimejengwa ndani ya mpaka ili kuacha nafasi, na nyingine zimejengwa nje yake kwa kosa au kwa tamaa. Mti uliosimama kati ya ukuta wako na barabara, karibu kila mara uko kwenye hifadhi ya barabara, hata kama aliyeupanda ni marehemu babu yako na anayeumwagilia maji kila jioni ni wewe.

Kwa barabara kuu na za mkoa, mwenye dhamana ni TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania, na chini ya Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake hifadhi ya barabara hizo hufika mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kwa barabara za mitaani mwenye dhamana ni TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini ulioanza kazi mwaka 2017. Mti ulio kwenye hifadhi hizo haukatwi na mwananchi, haupogolewi na mwananchi, na wala haupandwi bila kuuliza, kwa sababu anayepanda mkrismasi juu ya mtaro wa maji ya mvua humwachia jirani wa chini mafuriko ya miaka ijayo. Unachoweza kufanya ni kuandika barua ya kuomba wenye barabara waushughulikie, na nakala yake kuipeleka kwa mtendaji wa mtaa.

Bustani, maeneo ya wazi, makaburi ya umma, na viwanja vya shule na zahanati za serikali viko mikononi mwa halmashauri. Dar es Salaam ina halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam, ambalo hadi mwaka 2021 lilikuwa Manispaa ya Ilala, kisha Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kila moja hutunga sheria ndogo zake kwa mamlaka inayopewa na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982, na ndiyo maana ada au sharti uliloambiwa na rafiki yako wa Temeke huenda lisiwe lako wewe wa Kinondoni. Nenda ofisi ya halmashauri yako uombe kusoma sheria ndogo inayohusu mazingira na miti, unakili namba ya kifungu, na uondoke nayo. Sheria ndogo ni waraka wa umma, na mwananchi anayetaja kifungu husikilizwa tofauti na mwananchi anayesema "nimesikia."

Kuna maeneo mawili ambayo hata hati miliki haikupi uhuru unaoudhania. La kwanza ni kingo za maji. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu, au zile zinazoweza kudhuru hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari na ukingo wa mto, bwawa au ziwa. Mtu wa bonde la Msimbazi, la Mlalakuwa, la Mbezi au la Kizinga anayefyeka miti ya ukingoni ili apate uwanja hujichimbia shimo mara mbili, kwanza kisheria, na pili pale mto utakapoanza kumega udongo uliokuwa ukishikwa na mizizi ile. La pili ni mikoko. Mikoko ya pwani yetu ni msitu wa hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS, na hii inaihusu hata ile unayoiona ukivuka Daraja la Selander, maji ya bahari yakiwa yamejaa hadi kwenye vidole vya mizizi yake. Mkoko haukatwi kwa ruhusa ya mwenyekiti wa mtaa, hata awe mtu mwema kiasi gani.

Nitaongeza hapa jambo dogo ambalo watu wa Kunduchi wanalijua vizuri. Mti ulio ndani ya eneo la kale, kama mibuyu iliyosimama kwenye magofu na makaburi ya pale Kunduchi, unaingia pia chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Ukiona mbuyu karibu na ukuta wa mawe ya matumbawe, usiulize peke yake habari ya mti. Uliza na habari ya ukuta.

Mti uliomo kiwanjani mwako

Sasa tuseme umepata bikoni na mti uko ndani kabisa ya mpaka wako. Wengi hudhani hapo mjadala umekwisha. Haujaisha, na ushauri wangu ni huu: chukulia kwamba kibali kinahitajika mpaka halmashauri yako ikuambie vinginevyo kwa maandishi. Jibu la mdomo la "we kata tu" halitakusaidia siku afisa mwingine atakapokuja na daftari.

Angalia pia aina ya mti. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu aina fulani za miti kutangazwa kuwa miti iliyohifadhiwa, na tangazo hilo hulinda mti hata ukiwa nje ya msitu wa hifadhi. Ukiwa na mvule, mninga au mpingo uani, jambo ambalo si la ajabu kwa viwanja vikubwa vya pembezoni kama Pugu, Chanika na Kibamba, pitia kwanza kwa Mhifadhi wa Misitu wa Wilaya wa TFS kabla hujapeleka maombi kwingine. Na hata kama mti ni wa kawaida, jua kwamba kukata ni jambo moja na kusafirisha ni jambo jingine: magogo, mbao, kuni na mkaa vikiingia barabarani huhitaji hati ya kusafirishia mazao ya misitu, na ni vyema uulize TFS saa zinazoruhusiwa kuyasafirisha. Fundi anayekwambia atakuja na lori saa tatu usiku bila hati hiyo, "ili kuepuka foleni," anakuingiza kwenye kosa ambalo litabaki na jina lako.

Njia ya maombi huanzia karibu na nyumbani. Mweleze mjumbe wako, kisha upeleke barua kwa Afisa Mtendaji wa Mtaa, naye aipitishe kwa Afisa Mtendaji wa Kata hadi kwa Mkurugenzi wa halmashauri, ambako afisa misitu au afisa mazingira hupewa kazi ya kuja kukagua. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka kila halmashauri ya jiji na manispaa iwe na ofisa wa usimamizi wa mazingira, na pia inaweka kamati za mazingira hadi ngazi ya mtaa, kwa hiyo huombi hisani unapomtaka mtu huyo aje. Barua isiwe ndefu, lakini iwe na vipimo. Huu hapa ni mfano unaoweza kuubadilisha:

*Yah: Maombi ya kibali cha kukata mwarobaini mmoja ndani ya kiwanja changu*

*Mimi ni mmiliki wa kiwanja kilichotajwa hapo juu. Ndani yake, mita 3 kutoka ukuta wa mashariki wa nyumba, upo mwarobaini mmoja wenye mzingo wa sentimita 140, uliopimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Tangu masika yaliyopita mti huo umeegemea upande wa nyumba, udongo wa upande wa pili umepasuka, na uyoga umeota chini ya shina. Picha nne zimeambatishwa. Naomba afisa wako aje aukague. Endapo kibali kitatolewa, nitapanda miche miwili ya miti ya kivuli ndani ya kiwanja hichohicho kabla masika yajayo hayajaisha.*

Ahadi ya kupanda isiachwe hadi uombwe. Mkaguzi anayesoma kwamba mwombaji ameshafikiria mti wa badala huona mbele yake mtu mwenye nia ya kutunza, na mara nyingi sharti hilo lingewekwa kwenye kibali kwa vyovyote vile. Ambatisha nakala ya hati au leseni ya makazi. Kama wewe ni mpangaji, barua iwe na saini ya mwenye nyumba, kwa sababu mpangaji hana mti. Malipo yoyote yafanywe kwa kumbukumbu namba ya serikali, si kwa fedha taslimu mkononi mwa mtu, na stakabadhi uihifadhi pamoja na kibali.

Kibali kikitoka, kisome neno kwa neno. Angalia idadi ya miti, aina yake, mahali ilipo na tarehe ya mwisho ya kukitumia. Nimewahi kuona kibali cha mti mmoja kikiwa kimekunjwa mfukoni mwa fundi huku uani kumelala miti mitatu ya mkungu, na mwenye nyumba akishangaa kwa nini amri imekuja ya kurejesha mazingira kwa gharama yake. Siku ya kukata, nakala iwe mikononi mwa mtu aliyepo eneo la kazi, na jirani wa kila upande awe amejulishwa tangu jana yake.

Je, mti huo unahitaji kukatwa kweli?

Hapa naomba msomaji asiharakishe, kwa maana miti mingi inayoombewa kibali mjini haistahili kufa. Sababu zinazotajwa ni majani kujaa kwenye mgongo wa bati na mifereji, giza chumbani, popo, kunguru, au embe kudondokea gari. Zote hizo hutibiwa kwa kupogoa. Sababu za kweli za kukata ni chache, nazo huonekana kwa macho: shina lenye pango linalotoa mlio wa ngoma ukiligonga kwa mpini wa nyundo, uyoga unaoota kwenye kitako cha mti, nyufa za udongo upande mmoja zikifuatana na kuegama kulikoanza hivi karibuni, au matawi makubwa yaliyokufa kutoka juu kuja chini mwaka hadi mwaka. Mti ulioegama tangu ujana wake na ncha yake imejikunja kuelekea juu haujaanza kuanguka; umejizoesha. Mti uliokuwa wima Januari na umeegama Aprili ndio wa kuogopa.

Kupogoa nako kuna kanuni. Usikate kichwa chote cha mti na kubakiza kigogo, kama wanavyofanya wengi wakidhani wameupunguza. Mti uliokatwa kichwa huchipua vijiti vingi kwa pamoja, vimeshikwa juu juu tu kwenye gome, na baada ya miaka michache vijiti hivyo vinakuwa matawi mazito yanayong'oka kwa upepo mdogo, na hapo utakuwa umetengeneza hatari ambayo hapo awali haikuwepo. Ondoa matawi yaliyokufa, yanayosuguana na yanayogusa paa, na kwa mara moja usizidishe robo ya majani yote ya mti.

Tawi zito likatwe kwa mikato mitatu. Mkato wa kwanza uwe kwa chini, kiasi cha futi moja kutoka kwenye shina, uingie theluthi ya unene wa tawi. Mkato wa pili uwe kwa juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, hadi tawi lidondoke. Kwa kuwa kuna mkato wa chini, tawi likianguka halitachuna gome la shina kama mtu anavyochuna ngozi ya mbuzi. Mkato wa tatu ni wa kuondoa kisiki kilichobaki, nao ufuate nje ya ule uvimbe mnene uliopo pale tawi linapoungana na shina. Uvimbe huo usiukate kamwe, kwa sababu ndio unaofunga kidonda. Ukirudi baada ya mwaka utaona mdomo wa gome jipya ukizunguka kidonda kama pete. Kupaka rangi au lami juu ya kidonda hakusaidii mti kupona.

Tawi lililo karibu na waya wa umeme si la kwako wala la fundi wako, hata liwe ndani ya kiwanja chako. Waite TANESCO, kwa kuwa tawi bichi hupitisha umeme na mtu hahitaji kuugusa waya ili afe.

Na mti ukianguka, au ukiwa unaning'inia juu ya nyumba yenye watu usiku wa mvua, usisubiri mkaguzi. Ondoa watu kwanza, zungushia kamba, piga picha kutoka pande zote, mpigie mtendaji wa mtaa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kisha ondoa kile tu kinachohatarisha maisha. Kilichobaki kisubiri ukaguzi, na barua ipelekwe siku ya kazi inayofuata. Zile picha ndizo zitakazosema kwamba hukutumia mvua kama kisingizio.

Tawi la jirani

Ugomvi wa mwembe wa mpakani umevunja ujirani wa miaka mingi katika mitaa yetu. Kanuni ambayo mahakama zetu ziliirithi kutoka sheria za Kiingereza ni kwamba tawi lililoingia kwako unaweza kulikata hadi kwenye mstari wa mpaka, si inchi moja zaidi, na tawi hilo pamoja na matunda yake hubaki mali ya mwenye mti. Lakini ukikata mizizi upande wako na mti ukaanguka au ukafa, unaweza kudaiwa. Kwa hiyo nenda kwanza ukabishe hodi, mzungumze chini ya huo huo mwembe, mkubaliane ni tawi gani litolewe, na mliandike hata kama ni kwa mistari mitatu yenye saini mbele ya mjumbe.

Msipoelewana, mahali pa kwenda ni Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 baraza hilo linasuluhisha tu katika migogoro ya ardhi, halitoi hukumu, na ikiwa usuluhishi umeshindikana ndipo mlalamikaji huweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kumwagia chumvi mizizi, kuchoma matairi kitakoni, au kuchuna gome kuzunguka shina usiku ni kuharibu mali ya mtu kwa makusudi, na hilo ni kosa la jinai.

Kulinda mti wakati wa ujenzi

Sehemu hii ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu miti mingi mjini haiuawi na shoka. Huuawa na mtaro, na zege, na lori la kokoto lililoegeshwa juu ya mizizi kwa miezi mitatu.

Mwaka mmoja kampuni iliyokuwa ikilaza mabomba mtaani kwetu ilichimba mtaro kwa mashine, hatua mbili tu kutoka kwenye mkungu uliokuwa ukitia kivuli kijiwe cha bodaboda. Nilisogea kuitazama mizizi ile kwenye ukuta wa mtaro. Ilikuwa minene kama mkono wa mtu mzima, haikukatwa bali ilikuwa imechanika, nyuzi zake nyeupe zimetawanyika kama kamba ya katani iliyokatika kwa kuvutwa. Walifukia, wakashindilia, wakaondoka. Mti ulibaki na majani yake mabichi kwa miezi kadhaa, na kila aliyepita alidhani umenusurika. Masika yalipoingia, usiku mmoja wa upepo, uliangukia upande ule uliokuwa bado na mizizi, kwa sababu kilichokuwa kikiushika kwa nyuma hakikuwepo tena. Ilikuwa usiku, na kijiwe hakikuwa na mtu.

Ili yasikukute hayo, pima. Zungusha utepe kwenye shina kwa urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, ugawe mzingo kwa 3.14 upate kipenyo, kisha uzidishe kipenyo mara 12. Mti wenye mzingo wa sentimita 157 una kipenyo cha sentimita 50, na eneo la kulindwa ni duara linalofika mita 6 kutoka kwenye shina kila upande. Zungushia duara hilo uzio wa miti na mabati kabla tofali la kwanza halijashuka. Ndani yake pasichanganywe zege, pasimwagwe maji ya saruji, pasirundikwe mchanga, pasiegeshwe gari. Kiwanja kikiwa kidogo kiasi kwamba mtaro lazima upite humo, uchimbwe kwa mikono, bomba lipitishwe chini ya mizizi mikubwa, na mzizi unaolazimika kutolewa ukatwe kwa msumeno mkali, usichanwe na meno ya mashine.

Unapoweka sakafu ya uani, acha udongo wazi kuzunguka shina, angalau mita moja kila upande. Nimeona miembe mingi iliyomwagiwa zege hadi kwenye gome. Shina linapokua, zege halisogei, na gome huanza kufura juu ya ukingo wa zege kama kidole kilichovaa pete ndogo. Maji hayashuki tena kwenye mizizi na hewa haiingii. Chukua patasi na nyundo uvunje duara hilo leo, hata kama sakafu ni mpya.

Kwa miradi mikubwa inayotakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, cheti kinachotolewa huwa na masharti, na mara nyingi miti imo. Omba kuyaona masharti hayo ikiwa mradi uko mtaani kwenu. Sheria ile ya 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na pia haki ya kuchukua hatua inapovunjwa. Ukiona miti ya umma inakatwa, omba kuoneshwa kibali kwa lugha ya upole, piga picha, andika tarehe na saa, kisha peleka taarifa kwa mtendaji, halmashauri na NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira.

Kupanda mti wa badala

Chagua mti kwa kutazama nafasi utakayokuwa nayo baada ya miaka 20, si nafasi unayoiona leo. Mkrismasi una maua mazuri Desemba, lakini mizizi yake hutambaa juu juu na kuinua kuta, kwa hiyo unataka uwanja mpana. Mifikasi ya mapambo hutafuta maji hadi ndani ya mabomba na shimo la choo. Mwashoki mwembamba unafaa ukanda mdogo kando ya uzio, ingawa kivuli chake ni haba. Mwarobaini huvumilia ukame na mchanga, mzambarau na mwembe hutoa kivuli kizito na matunda, mkungu hutandaza matawi kama mwavuli, na mvinje hustahimili chumvi ya ufukweni. Mnazi usiupande mahali ambapo watoto wanacheza au magari yanalala. Chini ya waya panda kitu kifupi, kama mstafeli au mpera, na ukiupogoa mapema hutagombana na TANESCO maisha yako yote.

Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, na udongo wa juu uuweke upande mmoja, wa chini upande mwingine. Changanya ule wa juu na debe la samadi iliyooza vizuri, na uurudishe kwanza. Kata kiriba, ule mfuko wa nailoni wa mche, kwa wembe kutoka juu hadi chini na ukiondoe chote. Nimefukua miche iliyodumaa nikakuta nailoni bado imeibana mizizi iliyozunguka humo kama nyoka. Mzizi unaozunguka unyooshwe au ukatwe. Mche ukae kwa kina kilekile ulichokuwa nacho kitaluni, shina lisifukiwe. Tandaza majani makavu kuzunguka, lakini yasiguse gome, na uzungushie miti au wavu dhidi ya mbuzi.

Wakati mzuri ni masika yakishalowesha ardhi kwa kina, kati ya mwisho wa Machi na Aprili, ili mche upate wiki nyingi za mvua kabla ya kiangazi. Vuli ya Oktoba hadi Desemba nayo inafaa, ila haiaminiki sana, na jua la Januari na Februari huja likiwa kali. Kuanzia mvua zinapokatika, mwagilia ndoo moja nzima ya lita 20 mara mbili kwa wiki badala ya kopo moja kila siku, kwa kuwa maji mengi ya mara chache huivuta mizizi kwenda chini, na kopo la kila siku huifundisha kukaa juu. Endelea hivyo kwa viangazi viwili.

Piga picha ya mche siku ya kuupanda na nyingine baada ya mwaka, uziweke kwenye bahasha moja na kibali pamoja na stakabadhi. Afisa akirudi kukagua kama sharti limetimizwa, utamtolea bahasha hiyo na kumpeleka uani akauone mti.